Meli Zilikuja kwa Vipande, Waliozibeba Hawana Modeli

Novemba iliyopita nilienda Uingereza kwa dakika arobaini na saba. Ndege sikupanda, na pasipoti sina. Nilikuwa nimeketi kwa kinyozi hapa Lurambi, simu imechomekwa kwa chaji, na binamu yangu anayeishi karibu na Birmingham ananitembeza kwa video ndani ya jumba kubwa la mikutano huko Telford. Meza mpaka macho yanachoka. Juu ya meza kuna vifaru, ndege za vita, manowari, na wanajeshi wadogo kuliko njiti ya kiberiti. Wazee wenye mvi wameinama na miwani mbili, moja machoni na nyingine kwa paji la uso. Kinyozi aliacha kichwa cha mteja kikiwa nusu, akaja kuchungulia.

Maonyesho hayo yanaitwa Scale ModelWorld. Hufanyika kila Novemba, na wanaoyaandaa ni tawi la Uingereza la International Plastic Modellers' Society, chama kilichoanzishwa 1963. Ni watu wazima, wengi wamestaafu, wanaounganisha vipande vya plastiki kwa gundi, wanapaka rangi, wanapaka matope ya bandia, halafu wanashindana. Binamu yangu alidhani nimerogwa. "Yaani nimeamka Jumamosi, nimepanda treni kwa baridi hii, nikuonyeshe toi?"

Nikamwambia bro, tulia, sogeza kamera karibu.

Wacha niseme mapema ili mtu asije kunicheka kwa comments: napenda hivi vitu. Napenda tangu 20 Oktoba 2018, wakati Mashujaa Dei ililetwa hapa kwetu Bukhungu. Tulirauka usiku tukapate nafasi, tukaona gwaride kwa macho yetu wenyewe, si kwa TV ya jirani. Wiki iliyofuata hakuna mtoto Amalemba aliyekuwa anatengeneza gari la waya la kawaida. Wote walikuwa wanatengeneza lori za jeshi. Waya ulitoka kwa ua la mtu (pole mzee), magurudumu ni vifuniko vya Kimbo, turubai ni gunia la sukari ya Mumias. Langu lilikuwa na usukani mrefu na lilikata kona. Ukitaka kujua nilijifunzia wapi uvumilivu, si shuleni.

Sasa, watu wengi hudhani modeli za kijeshi zilianza kama mchezo wa watoto, baadaye wazee wakaziiba. Ni kinyume. Zilianza kama kazi ya serikali. Mwaka wa 1668 huko Ufaransa, waziri wa vita wa mfalme Louis wa 14, jamaa anaitwa Louvois, alianza kukusanya modeli za miji yenye ngome. Zilijengwa kwa kipimo cha 1:600, yaani mita 600 za kweli zinakuwa mita moja mezani. Nyumba, kuta, mito, miti, kila kitu. Mfalme angekaa Paris na kuangalia mji wa mpakani kama mwewe, akajua ukuta gani ni dhaifu. Zilikuwa siri ya taifa. Nyingi zipo mpaka leo pale Les Invalides. Halafu 1824, afisa wa Prussia anayeitwa Reisswitz akawasilisha kwa jeshi lao mchezo wa vita wa kuchezea juu ya ramani, na maafisa wakaanza kufundishwa nao. Kwa hivyo wakati mtoto anachezea askari wa risasi sakafuni, jenerali naye alikuwa anacheza mezani.

Ile story ninayoipenda zaidi ni ya 1942. Marekani imeingia Vita vya Pili, wanamaji wao wana shida moja ndogo yenye kuua: mwanajeshi akiona ndege kwa mbali hajui kama ni yao au ya adui. Unaweza kupiga risasi rafiki. Suluhisho lilikuwa nini? Walienda shuleni. Jeshi la majini liliomba wanafunzi wa sekondari wachonge modeli 500,000 za ndege kwa mbao: aina 50, kila aina nakala 10,000. Zilipakwa rangi nyeusi ili umbo tu lionekane, na watoto wakapewa vyeti. Kipimo kilikuwa 1:72. Kwa nini 72 na si 70 au 100? Kwa sababu ya inchi zao. Mtu wa futi sita ana inchi 72, kwa hivyo akipunguzwa mara 72 anabaki inchi moja. Ukishika modeli kwa umbali fulani inaonekana vile ndege halisi ingeonekana kwa umbali mara 72 zaidi. Hesabu tamu. Mpaka leo 1:72 ndiyo kipimo cha kawaida cha ndege. Kile cha vifaru, 1:35, kina asili ya kuchekesha: kampuni ya Tamiya ya Japani ilitoa kifaru cha Panther mwaka wa 1961, na ukubwa wake ulitokana na nafasi ya mota na betri. Betri zingekuwa nyembamba zaidi, pengine dunia nzima ingekuwa inatumia namba nyingine.

Turudi Telford. Binamu ananipitisha kwa upande wa mashindano. Huko hakuna kelele. Marefa wanatembea na tochi, wanaangalia kama mistari ya gundi inaonekana, kama magurudumu yote manne yanagusa chini, kama bawa moja liko juu kuliko lingine, kama alama zimebandikwa bila kung'aa pembeni. Mtu amekaa miezi minane na kifaru kimoja anaweza kupoteza kwa sababu ya alama moja ya kidole. Manze, niliheshimu.

Halafu nikamwuliza swali ambalo ndilo limenifanya niandike haya yote. Nikamwambia: nitafutie Afrika Mashariki.

Alizunguka. Alipata jangwa, jangwa ni jingi, lakini ni la Libya na Misri. Alipata msitu, ni Vietnam. Mwishowe akapata boti ndogo ya kijivu juu ya maji ya bluu, na mzungu amesimama juu yake amevaa kitu kama sketi. Nikapiga kelele mpaka kinyozi akakata mtu vibaya. Nilimjua huyo.

Ngoja nikuambie ni nani. 1915, Ziwa Tanganyika liko mikononi mwa Wajerumani kwa sababu wao ndio wana meli za vita huko. Waingereza wakaamua kupeleka boti mbili, kila moja ina urefu wa karibu mita 12. Shida ni kwamba zilikuwa London. Zikapelekwa kwa meli mpaka Cape Town, zikapanda treni mpaka Kongo ya Wabelgiji, reli ikaisha, zikavutwa juu ya milima ya Mitumba kwa mashine za mvuke, ng'ombe na watu, zikapanda treni tena, zikashuka mto Lualaba, na treni nyingine mpaka ziwani. Njiani walijenga madaraja zaidi ya 100. Kamanda wao, Geoffrey Spicer-Simson, alitaka kuziita Paka na Mbwa. Wakubwa London wakakataa. Akazipa majina Mimi na Toutou, ambayo kwa watoto wa Ufaransa ni paka na mbwa vilevile, na wakubwa wakakubali bila kujua wamechezwa. Huyo jamaa alikuwa na chale mwili mzima na alivaa sketi ya kaki aliyoshonewa na mke wake. Siku ya tarehe 26 Desemba 1915 waliteka meli ya Kijerumani Kingani. Februari 1916 wakazamisha nyingine, Hedwig von Wissmann. Kitabu cha The African Queen na filamu yake ya 1951 vilitoka kwa hiyo story.

Kwa hivyo hapo mezani: boti, sketi, bendera, hata kamba zimesokotwa vizuri kwa uzi. Kazi safi, siwezi kudharau. Nikamwuliza binamu, waliovuta wako wapi? Sogeza kamera upande wa nyuma. Akasogeza. Hakuna. Boti imeshafika majini, kana kwamba ilishuka na mvua.

Hapo bando likaisha.

Nilirudi nyumbani na hicho kitu kichwani. Nilitaka kulala, badala yake nikaanza kutafuta vipimo vya meli. Na nikagundua jambo ambalo hakuna mwalimu aliniambia, na wala chuo hakikuniambia kwa mwaka mmoja na nusu niliokaa kabla karo haijagoma: vita vya Afrika Mashariki vilipiganwa na modeli za kuunganisha. Sitanii. Meli zilikuja kwa maboksi.

Chukua Graf von Götzen, ile kubwa kuliko zote Ziwa Tanganyika. Iliundwa 1913 huko Papenburg, Ujerumani, kwenye kiwanda cha Meyer. Ikaundwa, ikafunguliwa kipande kwa kipande, ikafungwa ndani ya maboksi 5,000 hivi, ikapelekwa Dar es Salaam kwa meli, ikapanda reli mpaka Kigoma, ikaunganishwa upya. Wajerumani wenyewe waliizamisha 26 Julai 1916 ili isichukuliwe, lakini kabla ya kuizamisha waliipaka injini grisi nene, kama mtu anayefunga pikipiki yake vizuri akisafiri. 1924 Waingereza wakaiinua kutoka chini ya maji. 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba, na imebeba abiria na dagaa kwa miongo mingi. Ina mita 71 na kidogo. Ukiitengeneza kwa 1:72 utahitaji meza ya mita moja. Kwa 1:35, utatoa kitanda nje.

Lakini usiende mbali, njoo hapa karibu. Meli ya kwanza ya mvuke ya Waingereza kwenye Ziwa Victoria ni William Mackinnon. Ilitengenezwa Scotland mwaka wa 1890. Iliingia majini Kisumu mwaka wa 1900. Miaka kumi! Kwa nini? Kwa sababu ilikuja kwa vipande, kila kipande kina namba yake, kama tu vile sanduku la modeli linavyokuja na karatasi ya maelekezo. Sasa piga hesabu: reli ilifika Kisumu Desemba 1901. Meli ilishaelea mwaka uliotangulia. Kwa hivyo kipande cha mwisho cha safari, kutoka pale reli ilipokuwa imefika mpaka ziwani, hakuna treni iliyobeba. Chuma kilibebwa. Na njia ya misafara ya kwenda Uganda miaka hiyo ilipita Mumias kwa Nabongo Mumia, hapo tu, unapanda mat ukimaliza chai unashuka.

Meli za baadaye kama Winifred na Sybil nazo zilikuja zimefunguliwa, lakini zenyewe zilipata treni. Vita vilipoanza 1914, meli hizo za abiria na pamba zikafungwa mizinga. Sybil ilikwama kwenye miamba upande wa Wajerumani Novemba mwaka huo, ikaja kunasuliwa 1915. Juni 1915 jeshi liliondoka Kisumu kwa meli hizo kwenda kuvamia Bukoba. Na Septemba 1914, mapigano yalikuwa Kisii. Kisii! Watu wa hapa tukisikia Vita vya Kwanza vya Dunia tunafikiria mahandaki ya Ufaransa na theluji.

Sasa ukishafikisha meli ziwani, jeshi linaenda bara. Tanganyika ya wakati huo ilikuwa na mbung'o kila mahali. Farasi anakufa, ng'ombe anakufa, nyumbu anakufa. Lori zilikuwa chache na mvua ikinyesha zinazama. Kilichobaki ni kichwa cha binadamu. Mpagazi mmoja alibeba karibu kilo 25, na alikula karibu kilo moja ya unga kwa siku. Fikiria hiyo hesabu polepole. Akitembea siku 25, amemaliza mzigo wote aliobeba, na askari hajala hata kijiko. Na anahitaji kurudi. Kwa hivyo ili risasi boksi moja ifike mbele, unahitaji watu wa kubeba boksi, watu wa kubeba chakula cha hao, na watu wa kubeba chakula cha wanaobeba chakula. Ndiyo maana upande wa Waingereza peke yake uliandikisha wapagazi zaidi ya laki 4. Kikosi kiliitwa Carrier Corps. Wazee wetu hawakuweza kusema hivyo, au hawakutaka, wakasema Kariakor. Ndiyo Kariokor ya Nairobi. Ndiyo Kariakoo ya Dar es Salaam. Watu wananunua viatu hapo kila siku.

1917 ndio mwaka mbaya. Serikali ilimtoa John Ainsworth, aliyekuwa mkubwa wa mkoa wa Nyanza, ikampa kazi ya kukusanya watu kwa wingi. Wakati huo sisi wa huku tulikuwa chini ya Nyanza, wilaya yetu ikiitwa North Kavirondo, makao yake Mumias. Machifu walipewa idadi ya watu wa kutoa. Wengine walichukuliwa usiku. Walipewa blanketi na kibati chenye namba shingoni. Kipande cha meli kina namba, mtu ana namba. Nimejaribu kuandika hiyo sentensi kwa njia nyingine na sijaweza.

Risasi haikuwa muuaji mkubwa. Ni kuhara damu, homa ya mapafu, malaria. Unga haukusagwa vizuri na haukuiva vizuri, kwa sababu ukifika kambini usiku, umelowa, kuni zimelowa, utapika saa ngapi? Watu wa milimani waliozoea viazi na wimbi na ndizi walilishwa mahindi magumu mpaka matumbo yakakataa. Hesabu rasmi ilisema waliokufa walizidi 40,000. Wanahistoria wengi wanaona ukweli ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Na mishahara ya wengi waliokufa haikufika kwa familia. Kwa miaka mingi maafisa waliandikiana barua juu ya hizo pesa, na mwisho Hazina ya Uingereza ikakataa kuzitoa.

Upande wa Wajerumani nao usije ukadhani ni afadhali. Ile manowari yao Königsberg iliyozamisha Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914 ilijificha kwenye delta ya Rufiji, ikaharibiwa Julai 1915. Mizinga yake kumi ya milimita 105 ilitolewa, ikawekwa magurudumu, ikavutwa nchi nzima. Na nani? Na mamia ya watu kwa kamba. Mmoja wa hiyo mizinga upo nje ya Fort Jesus, Mombasa. Ukienda, watu wanapiga picha wameukalia. Mimi pia nilipiga, 2021, vidole viwili juu, sikujua chochote.

Na kusema ukweli sikujua pia kuhusu zile sanamu za Kenyatta Avenue. Nikiwa chuo nilipita hapo karibu kila wiki nikikimbilia mat. Watu watatu wa shaba, maandishi kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, zilijengwa miaka ya 1920. Nilidhani wote ni askari. Mmoja wao ni mpagazi. Nilimpita miaka yote hiyo nikiangalia bunduki za wenzake.

Sasa kwa nini mimi, mtu wa Kakamega asiye na digrii, nijali kama mzee wa Telford ameweka au hajaweka wapagazi kwenye meza yake? Kuna mtu atasema ni hobi tu, acha kuleta siasa kwa toi. Nimeisoma hiyo hoja mahali pengi na naielewa. Mtu ananunua sanduku, ndani kuna boti, anatengeneza boti. Sanduku halina wapagazi. Silaumu mzee. Lakini hawa watu ndio wanaojisifu kwa usahihi! Watakupokonya pointi kwa sababu rivet ziko kumi na mbili badala ya kumi na tatu. Watagombana mwezi mzima kuhusu rangi ya kijivu. Wewe unayejali hivyo kuhusu ukweli, unawezaje kuonyesha boti ya London katikati ya Afrika na usijiulize ilifikaje? Hiyo ni rivet laki 4 zinakosekana, mzee wangu.

Na lawama nyingine ni yetu. Hatujawahi kutengeneza sisi. Tunangoja nani? Mwingereza atengeneze babu yangu vizuri kuliko mimi?

Nasema babu yangu kwa sababu yupo. Kukhu, nyanya yangu, ambaye ndiye amenilea, huwa anasema ndugu ya babu yake alichukuliwa "wakati wa kariakor" akiwa ametoka tu kutahiriwa, na hakurudi. Hakuna kaburi, hakuna barua, hakuna kibati. Waliweka kisiki cha mgomba badala yake wakaomboleza kisiki. Nilisikia hiyo story nikiwa mdogo nikiosha vyombo na sikuuliza swali hata moja. Nilikuwa nafikiria gari langu la waya.

Basi Desemba nikaanza. Kipimo ni 1:35. Mtu wa mita 1.70 anakuwa sentimita tano kasoro kidogo. Sanduku la modeli ya kigeni hapa ni ndoto, bei yake ni kodi ya mwezi, kwa hivyo nimetumia vya kwetu. Mifupa ni waya wa umeme wa ndani, ule wa shaba, nimepewa na fundi wa jua kali kwa sharti nimtaje (umetajwa, boss, jina lako umeniambia nisitaje). Mwili ni udongo wa Isiukhu, nimeuchuja mara tatu kwa soksi. Udongo huo ukikauka haraka unapasuka, kwa hivyo nimekuwa nikiufunika na karatasi ya maziwa usiku kucha. Blanketi ni kitambaa cha shati la zamani nimekichovya kwa chai ili kizeeke. Vibati shingoni ni karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara, nimeviandika namba kwa sindano. Hizo namba ni za kubuni, lakini kila mtu ana yake, hakuna mbili zinazofanana.

Nimepanga watu 40 kwenye mstari. Mbele kabisa, chini ya blanketi, kuna boksi moja tu la risasi. Wengine wote wamebeba chakula. Nataka mtu aangalie ule mstari mrefu, atafute silaha, apate hicho kiboksi kimoja mwisho wa meza. Sina askari hata mmoja kwenye hiyo modeli, na sina mzungu wa sketi. Yeye ana meza yake.

Ile rafu ya kwanza ilikuwa mbaya, wacha niseme. Watu wangu walionekana kama viazi vitamu vyenye miguu. Nilitupa kumi na saba. Kitu kigumu si uso, uso wa sentimita nusu hakuna anayeuona. Kigumu ni shingo. Mtu aliyebeba kilo 25 kichwani kwa miezi, shingo yake haikai kama ya mtu anayeenda sokoni. Nilienda soko la Kakamega asubuhi moja nikakaa karibu na wale wabebaji wa magunia ya kabeji nikiwaangalia mpaka mmoja akaniuliza kama mimi ni wa kanjo. Nikamweleza. Akacheka, halafu akanionyesha: mzigo ukiwa mzito, magoti hayanyooki kabisa, na macho hayaangalii mbele, yanaangalia hatua tatu chini. Nikaenda nyumbani nikakunja magoti ya watu wote.

Nilipofikisha ishirini na sita, wakiwa wamekauka, wamepakwa rangi, nikaviweka kwenye meza ya sebuleni nikamwita Kukhu. Nilikuwa nimeshaweka simu irekodi, nilitaka uso wake kwa video. Si unajua sisi.

Alivaa miwani. Akaanza upande wa nyuma wa mstari, akatembea polepole mpaka mbele, bila kugusa. Hakulia, kama ulikuwa unangoja hapo. Alirudi katikati, akainama sana, akanyoosha kidole kwa mmoja.

"Huyu amebeba na nini?"

Nikamwambia, unga, Kukhu. Gunia la unga.

"Naona gunia. Nauliza kichwani ameweka nini. Hakuna ngata. Mtu hawezi kubeba gunia siku nzima bila ngata, ngozi ya kichwa itatoka. Ata mtoto akienda mtoni anaweka ngata. Wewe huwezi kuwatuma watu safari hivyo."

Akatoka nje. Nilisikia akikata kitu nyuma ya jiko. Akarudi na ganda kavu la mgomba, akaketi, akalichana nyuzi nyembamba kwa kucha, akasokota kiduara kidogo kama pete ya mtoto. Akakiweka juu ya kitambaa cha meza. Akaanza kingine.

Simu ilikuwa imejaa, video ilikatika kabla hajasema hata neno. Magunia yote ishirini na sita niliyabandika kwa gundi kali. Nimeyabandua kumi na tisa mpaka sasa, na watu watatu wamevunjika shingo, nitawarudia.